Talaka ya Ukurasa wa Kumi na Mbili

Mutasim Khojali alikuwa amekwisha kufa mara kumi na tisa kabla hajamwacha mkewe. Hesabu hiyo si yangu, ni ya wanawake wa mtaa wa Abu Rof, Omdurman, waliokuwa wakikusanyika kwa mama mkwe wake kutazama filamu zake kwenye televisheni kubwa ukutani. Alipigwa risasi jangwani. Alilipuka ndani ya lori. Alianguka kutoka kwenye helikopta ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, haikuwahi kuruka. Mara moja aling'atwa na mbwa wa polisi, na filamu ilipokwisha mbwa yule akatajwa kwa jina lake kamili, naye Mutasim akaandikwa Gaidi wa Pili. Wanawake walimwonea huruma sana siku ile. Walicheka kwanza, ndipo wakamwonea huruma.

Alizaliwa Birmingham, baba daktari wa meno, mama mpishi wa mlenda na mkali wa swala. Alisomea ufamasia miaka miwili, kisha akawaambia wazazi kwamba anaacha dawa aende kuigiza. Mama yake akauliza, "Kuigiza nini? Kuigiza mfamasia?"

Akaenda kuigiza kila kitu isipokuwa mfamasia. Alikuwa Mpakistani, Mmisri, Msomali, na mara moja Mbrazili asiyesema neno. Msudani hakuwahi kuitwa kuigiza hata siku moja. Ukimuuliza kwa nini, alikuwa akisema kwamba Waingereza hawajagundua bado kama tupo. Ndevu alifuga na kunyoa kwa amri ya watu wengine, hata picha ya pasipoti ikamletea maneno uwanja wa ndege.

Mke alimpata Abu Rof, alipokuja kwenye harusi ya mjomba wake. Tahani binti Sittana alimsikia akiagiza chai kwa Kiarabu chake kile cha kuchonga, akacheka hadi akashika ukuta. Wakaoana. Huko Birmingham Tahani alifanya kazi maktaba, na kila jioni baada ya chakula alikaa na mumewe kwenye meza ya jikoni, karatasi za filamu katikati yao, amsomee upande wa pili. Mume akisoma maneno yake, mke alisoma ya wengine wote. Alikuwa polisi, muuguzi, hakimu, mke wa waziri. Hata mbwa alibweka yeye. Miaka kumi na tano! Kuna waigizaji wakubwa wasiofanya kazi hata nusu yake.

Halafu, jamani, ikaja kazi ya maana. Mwongozaji mmoja kijana alimtaka Mutasim awe Abdelhafiz, Msudani mwenye duka huko Leeds, mtu mwenye jina, mwenye kurasa arobaini, na ambaye hafi. Mutasim alilia kwa furaha. Akasema lazima aende Omdurman siku kumi kunyoosha ulimi, kwa sababu safari hii watakaomsikiliza ni wenye lugha yao. Tahani akaomba likizo, wakafunga safari.

Jumanne, baada ya swala ya alasiri, walikaa wawili chumba cha uani nyumbani kwa mama yake Tahani, dirisha wazi kwa ajili ya joto. Nje, chini ya dirisha, Hajja Sittana alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba na majirani watano, birika la udongo la kahawa limekaa kwenye makaa, tangawizi inanukia hadi barabarani. Walikuwa wakimsema binti wa mtu. Ndipo ikatoka dirishani sauti ya Mutasim, nzito, imejaa machozi, haijawahi kusikika katika nyumba ile.

"Nimechoka na wewe, mwanamke. Nenda kwenu. Nimekuacha. Nimekuacha. Nimekuacha!"

Kahawa ilimwagika kwenye toubu tatu, yale mavazi yao marefu ya kujitanda. Hajja Sittana alikuwa mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, lakini majirani wanaapa kwamba alifika mlangoni kabla neno la tatu halijapoa. Alimkuta bintiye kakaa kimya, macho chini, na mkwewe kasimama, mkono juu, jasho linamtoka.

"Lo! Ndani ya nyumba yangu?" akasema. "Unakula mlenda wangu, unalala kitanda changu, halafu unamwacha mwanangu dirisha likiwa wazi?"

"Hajja, tunasoma! Ni filamu! Ni Abdelhafiz!"

"Abdelhafiz ndiye nani? Mimi sikumwoza mwanangu Abdelhafiz. Sauti ni yako, ulimi ni wako, na mashahidi ninao watano, mimi wa sita. Tatu ni tatu." Akamshika Tahani mkono, akamwingiza chumbani kwake, akafunga kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani, mahali ambapo hata serikali isingeufuata.

Sasa usimcheke Hajja upesi. Alikuwa binti wa ukoo wa masheikh, na alijua kinachojulikana na kila mtu aliyekaa chuo cha Kurani hata wiki moja, kwamba talaka haina mzaha. Mtu akiitamka kwa kucheka, imetamkwa. Na zikiwa tatu kweli, Tahani hamrudii Mutasim mpaka aolewe na mume mwingine kwanza. Kuna wanaozihesabu tatu za mkupuo kuwa moja, lakini Hajja hakuwa mmoja wao, wala hakutaka kusikia habari zao.

Mutasim akahamishiwa nyumba ya ng'ambo ya barabara, kwa Ustadh Hashim, mwalimu mstaafu wa Kiingereza aliyefurahi kupita kiasi kupata mgeni. Kutwa alikuwa akivuka barabara kwenda kugonga mlango wa chumba cha Hajja, Hajja mwenyewe ameketi mbele yake kama askari wa benki.

"Tahani! Waambie! Waambie tulikuwa tunasoma!"

Ndani kimya. Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Mutasim alipungua, mashavu yakaingia ndani, na wanawake wa kahawa wakasema kwamba hata alipoumwa na yule mbwa hakuwa na sura mbaya namna ile. Alikuwa anaogopa kweli. Ndege ilikuwa ya Jumapili, na alijiona akishuka Birmingham peke yake.

Ijumaa baada ya swala akaitwa Sheikh Babikir, imamu wa mtaa, mzee mpole mwenye kusikia kwa sikio moja. Wakakaa sebuleni: sheikh, Hajja, Ustadh Hashim ambaye hakuna aliyemwalika, na Mutasim kwenye ukingo wa kiti.

"Jambo hili jepesi," sheikh alisema. "Anayesoma maneno ya mtu mwingine hajaacha mke. Mwenye talaka ni mume, na mume ndiye anayeulizwa. Mutasim, apa kwamba ulikuwa unasoma, tunywe kahawa."

"Naapa kwa..."

"Ngoja!" Hajja aliinua mkono. "Aape nani? Huyu? Maulana, mwaka juzi nilimwona kwa macho yangu haya akiapa mahakamani, kwenye filamu, kwamba hakumuua mwanamke wa watu, kavaa kanzu nyeupe, machozi yanamtiririka, majirani wote tukamwamini. Kumbe muuaji wa yule mwanamke ni yeye! Mtu aliyesomea kulia, kiapo chake nitakipima kwa mizani gani?"

Sheikh alikuna ndevu. Ilibidi akubali kwamba hoja ina uzito. "Basi tuonyeshwe karatasi. Kama maneno yamo, yamekwisha."

Hapo Mutasim akabadilika rangi. Alitoa karatasi polepole, ungedhani zinamchoma. Ustadh Hashim akavaa miwani, akatafuta ukurasa waliokuwa wakiusoma, wa kumi na mbili, akasoma mara mbili, akakohoa.

"Hapa pameandikwa: Abdelhafiz anachukua kofia yake, anatoka. Basi."

"Na talaka?" Hajja aliuliza.

"Talaka haipo. Ipo kofia."

"Nitaeleza," Mutasim alisema. "Niliona si kweli. Nani Omdurman anamwacha mkewe kwa kofia? Msudani anasema! Nikamwambia mwongozaji, niachie mimi, nitatia maneno yenyewe. Tafadhali, mpigieni simu. Yeye ni shahidi."

Mwongozaji akapigiwa simu London, sauti ikafunguliwa wote wasikie. Hajja akamkataza Mutasim asitafsiri, akasema hawezi kumpa fisi zamu ya kulinda mbuzi, kwa hiyo Ustadh Hashim akakabidhiwa kazi, na nafikiri hajawahi kuwa na Ijumaa tamu kama ile. Alinyoosha mgongo. Aliuliza kwa Kiingereza cha kale, kirefu, chenye heshima. Kijana akajibu kwa furaha, maneno mengi.

"Anasemaje?" sheikh aliuliza, sikio zima likiwa mbele.

"Anasema karatasi yake haina talaka. Anasema wazo la talaka ni la Mutasim peke yake, lilitoka moyoni mwake, na kwamba aliling'ang'ania sana."

"Umesikia, maulana?" Hajja alipiga kelele. "Lilitoka moyoni!"

"Anasema pia," Ustadh aliendelea, "kwamba sisi hapa tunaonekana watu wa kuvutia, na anauliza kama anaweza kuja kutupiga picha."

Simu ikakatwa. Mutasim alifunika uso kwa mikono miwili. Alikuwa amejimaliza kwa ufundi wake mwenyewe, na alijua. Sheikh Babikir akasema kwa uchovu, "Basi amebaki mtu mmoja. Hajja, fungua mlango."

Ufunguo ukatolewa kifuani. Tahani akaingia, toubu ya samawati, uso umetulia, akaketi mbele ya mumewe. Hakuonekana mtu aliyelia. Alionekana mtu aliyefikiri.

"Nitajibu, maulana," alisema. "Lakini kwanza nina neno na huyu. Mutasim, siku ile sauti yako ilinitetemesha. Miaka kumi na tano nakusomea, sijawahi kusikia sauti ile ikielekezwa kwangu. Na siku uliyonielekezea, umenipa talaka. Sasa niambie kitu kingine, chochote. Sharti moja tu, kiwe hakijaandikwa na mtu."

Mutasim akakaa sawa. Akalainisha koo. "Tahani, nyumba bila wewe ni kuta tu."

"Hilo la mwenye hoteli, Tunis. Mkewe alitoroka na mhasibu."

"Wallahi sijui nilikuwa nafikiri nini."

"Dereva wa teksi. Ulimwambia hakimu. Hakimu nilikuwa mimi."

"Nipe nafasi moja, nitakuwa mtu mwingine."

"Gaidi wa Pili, kabla mbwa hajafunguliwa."

Ustadh Hashim alicheka puani. Hajja akamwambia afunge mdomo, kisha yeye mwenyewe akasogeza kiti karibu.

Mutasim akafungua mdomo mara ya nne, akaufunga. Alipekua kichwa chote, na kila alichokigusa kilikuwa na jina la mtu mwingine. Ghafla akasimama, hasira imempanda, na hasira yenyewe haikuwa na umbo zuri. Sauti ilipasuka katikati kama ya kijana wa miaka kumi na minne.

"Basi sina! Sina, Tahani! Kiarabu changu hapa wanakicheka, wewe wa kwanza, ulishika ukuta. Kule wananiambia niongee kama nilikotoka, na nimetoka Birmingham! Nimeongea maneno ya watu tangu nilipoota ndevu. Mtu pekee anayejua mimi nikinyamaza nanyamazaje ni wewe. Jumapili nikipanda ndege peke yangu, sijui nitaongea na nani mpaka nife. Mara hii kufa kweli! Na... na hata wapi unaweka chumvi sijui!"

Sheikh alifuta macho kwa ncha ya kilemba, na Hajja alikuwa amesahau kwamba ana hasira.

"Chumvi iko kabati la juu," Tahani alisema. "Na hilo sijawahi kulisoma popote." Akamgeukia sheikh. "Alikuwa anasoma, maulana. Tulikubaliana tangu asubuhi. Mimi ndiye niliyemwambia aanze, na mimi ndiye niliyefungua dirisha."

"Subhanallah!" Sheikh Babikir alishtuka. "Siku nne, binti yangu! Mama yako anakonda, mumeo anakonda, mimi sina usingizi, na jibu unalo wewe! Mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Tahani alisema bila kupandisha sauti. "Mama aliwauliza majirani. Wewe ukaiuliza karatasi. Ustadh akaiuliza London. Na huyu alinigongea mlango siku nne, waambie, Tahani, waambie. Nikawa namsikiliza. Hakusema hata mara moja, Tahani, u hali gani humo ndani?"

Hajja alitazama sakafu. Mutasim bado alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono hajui aiweke wapi.

"Tahani," alisema hatimaye, kwa kile Kiarabu chake kibovu, "u hali gani?"

"Kaa," Tahani alimwambia. "Jibu lake refu."

Mutasim akavuta kiti, akakaa.