Mji wa Mawinguni na Kitabu cha Kila Kitu

Sijawahi kudharau karatasi kama nilivyoidharau ile. Ilikuwa imechanwa kwenye daftari, imeandikwa kwa penseli, herufi zikipanda na kushuka, na juu yake kichwa: MJI WA MAWINGUNI. Mwandishi wake alikuwa fundi viatu wa mtaa wa Soweto, kule Kibera, Nairobi, mzee kutoka pande za ziwani aliyekuwa na mwaka mmoja tu tangu ajue kusoma. Mwalimu wake nilikuwa mimi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini, nikifundisha ngumbaru jioni katika ukumbi wa kanisa Kawangware. Nilikuwa nimemaliza sekondari na sikuwa na kazi, kwa hiyo nikajiona msomi. Darasa langu la watu wazima likaamua kuandika ensaiklopidia yake lenyewe, Kitabu cha Kila Kitu, kila mwanafunzi ukurasa mmoja: namna ya kutengeneza jiko, magonjwa ya kuku, mambo kama hayo. Nikajiteua mhariri. Mama mmoja wa kutoka mkoa wa Magharibi, aliyejua kupiga taipu, ndiye angetuandalia stensili za kurudufia nakala. Nami nikaweka sheria moja: jambo haliingii kitabuni mpaka liwe limeelezwa na watu wawili wasiojuana. Niliipenda mno sheria hiyo. Ilinipa raha ya kukataa.

Sasa mzee huyu alitaka tuwaambie wasomaji kwamba siku moja binadamu watahamia sayari ya Zuhura. Si ardhini, maana ardhini huko ni moto mtupu. Wangeishi juu, mawinguni, ndani ya puto lenye ukubwa wa mtaa. Puto! Mtu ambaye kila mvua iliponyesha alihamisha kitanda kutoka kona hii hadi ile, ananiletea habari za kuhamia Zuhura.

"Mzee, hizi ni porojo," nikamwambia mbele ya darasa. "Nani amejenga huo mji?"

"Bado haijajengwa, mwalimu. Ni mpango."

"Mpango si kitu. Hiki ni kitabu cha vitu."

"Lakini watu wawili wamesema. Si hiyo ndio sheria yako?"

Akafungua daftari lake. Alikuwa amebandika vipande viwili vya gazeti kwa gundi ya viatu. Kimoja kilikuwa kimefungiwa mandazi Soweto, kingine nyama hapa Kawangware, vyote vimelowa mafuta. Nikavisoma polepole, makusudi, ili darasa lingoje. Mistari mitatu ya mwisho ya kipande cha kwanza ndiyo iliyokuwa mistari mitatu ya kwanza ya kile cha pili. Hata kosa la chapa lilikuwa lile lile: "mawigu" badala ya "mawingu".

"Hili ni gazeti moja," nikasema, kwa furaha ambayo leo inanichefua. "Nakala mbili, habari moja, mwandishi mmoja. Huyo ni shahidi mmoja, mzee."

Akanitazama kana kwamba mimi ndiye nisiyeelewa.

"Hapana, mwalimu. Huyu wa mandazi ako Soweto, na huyu wa nyama ako hapa. Hawajuani. Nimewauliza wote wawili."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka kuliko wote. Mama wa taipu peke yake hakucheka.

"Mwalimu, wachana na mambo ya puto," akasema. "Huyu baba ameambia bibi yake huko nyumbani ataleta kitabu Krismasi, iko na ukurasa yake. Si umpatie tu?"

"Ensaiklopidia si zawadi ya Krismasi," nikasema. Naam, kwa mdomo wangu huu huu. Kisha nikamgeukia mzee na kumshauri, kwa upole wa kujifanya, aandike kuhusu kushona viatu.

"Viatu nilijua kabla nije hapa," akajibu. "Hii ndio nimejua kwa kusoma."

Hakuandika kingine. Ukurasa wake ukabaki mtupu, na mhariri asingevumilia ukurasa mtupu, basi nikaujaza mwenyewe. Niliandika "Nyumba Mpya za Soweto", maghorofa ambayo watu wa Kibera wangejengewa, maji ndani na choo kwa kila nyumba. Mashahidi wangu walikuwa mkubwa mmoja aliyetangaza habari hiyo barazani, na bango lililosimikwa na watu wake siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeniuliza kama mkubwa na bango wanajuana.

Kitabu kilipotoka, mzee alikuja kuchukua nakala yake. Akafungua ukurasa uliopaswa kuwa wake, akausoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno, hadi mwisho, bila kukwama hata mara moja. Nilikuwa nimemfundisha vizuri. Kisha akainua macho, na machoni hamkuwa na kejeli yoyote. Ningefurahi kama ingekuwamo.

"Mwalimu, sasa nimwambie mama watoto tunahama lini?"

"Karibuni," nikamjibu, maana ndivyo bango lilivyosema.