"Let Go" ya Memsahib

Nyinyi vijana mnaosoma haya, mnaongea Kiingereza kama mtu anayetafuna mua: mnamung'unya, mnatema, mnaendelea na safari. Mkiniona nimenyamaza mkiongea, mnadhani shosho, bibi yenu huyu, hajui kitu. Shosho anajua. Shule nilikaa kidogo tu, nikatolewa nikachume kahawa, lakini Kiingereza nilikipata jikoni mwa watu, huko Ruiru, na kilinila zaidi ya nilivyokila. Nitawaambia kilivyonila. Sitapamba, kwa maana sina mapambo.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya mkoloni ikiwasaka watu wa kabila letu. Mume wangu alikuwa amekamatwa kwenye msako na kupelekwa kizuizini, nami nikabaki na mtoto mmoja wa kike, ndiyo kwanza anaanza kutembea. Watu wa kwetu wasiokuwa na mwajiri walikuwa wanarudishwa rizavu, maeneo waliyotengewa wenyeji, kwa malori, wanawekwa katika vijiji vilivyochimbiwa handaki pande zote. Aliyekuwa na mzungu wa kumsimamia pasi, kile kibali cha kukaa, alibaki. Mimi nilikuwa na mzungu. Nilikuwa yaya katika nyumba kubwa ya shamba la kahawa, nalala laini, vile vyumba vya wafanyakazi, pamoja na vibarua. Mtoto wangu hakuruhusiwa kukaa hapo. Alikuwa Thika kwa mama mkwe wangu, katika kota ya shemeji yangu aliyefanya kazi kiwandani.

Basi elewa vizuri. Kazi ikienda, pasi imekwenda. Pasi ikienda, napakiwa kwenye lori hadi rizavu, na mtoto wangu simwoni tena mpaka wakubwa wapende. Kazi ile ilikuwa kulea mtoto wa mwenzangu ili niweze kumwona wangu Jumapili mojamoja. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na hakuna aliyetuuliza kama tunapenda.

Bwana wa shamba alizaliwa huku, alijua Kiswahili cha kutukania watu. Lakini memsahib alikuwa mgeni, ametoka kwao juzi, na Kiswahili chake kilikuwa "lete" na "maji moto". Mengine yote alisema kwa Kiingereza, na ukikosa kuelewa alirudia yaleyale kwa sauti kubwa zaidi, kana kwamba ugonjwa uko masikioni.

Aliyenifundisha ni mpishi. Alitoka magharibi, mtu wa kanisa, mwenye tumbo na sauti ya kuongoza nyimbo. Alinifundisha kwa kunicheka. Siku ya kwanza memsahib aliniambia nimwangalie mtoto, akasema "look after". Look nilijua, ni kutazama. After nilijua, ni baada, ni nyuma. Basi nikamfuata mtoto nyuma nikimtazama kisogo. Akaenda mpaka kwenye dimbwi la bata, nami nyuma, natazama. Akaingia. Natazama. Memsahib alitoka mbio na kiatu kimoja.

"Dada," mpishi akaniambia akijifuta machozi ya kicheko, "umetumwa umtunze, si umsindikize akafe!"

"Kwa nini hakusema nimtunze?"

"Mzungu hana haraka ya kusema jambo. Anachukua neno dogo, analifunga mkia. Look ni tazama. Lifunge after, ni tunza. Lifunge for, ni tafuta. Lifunge down, amekudharau. Wewe unaangalia kichwa cha neno. Kinachouma ni mkia."

Siku nyingine memsahib alikuta vumbi juu ya kabati, akaniambia nivute soksi zangu juu. Nikatazama miguu yangu. Sijawahi kuvaa soksi tangu nizaliwe. Nikafurahi, nikadhani nitapewa. Nikangoja soksi wiki nzima, mpaka mpishi akanihurumia. "Amesema ukaze, ufanye bidii. Soksi hakuna, dada. Sahau soksi."

Ndivyo nilivyoenda, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto gizani akipapasa mawe kwa mguu.

Kisha mtoto wangu akashikwa na kifaduro. Habari aliileta mwanamke mmoja wa kanisa la mama mkwe: mtoto anakohoa mpaka anageuka rangi, anakuita. Mpishi alikuwa anamenya viazi. Nikamwambia, "Nifundishe kuomba ruhusa. Vizuri, yenye adabu."

"Sema hivi: Please, memsahib, let me go to Thika. Let me go. Ni niache niende, niruhusu."

Nikaisema nikifua nepi, nikaisema nikipiga pasi. Let me go, let me go, mpaka ikawa neno moja mdomoni, letmigo. Nikamwendea memsahib. Akasema si wiki hii. Nikamwendea tena. Akasema kuna wageni. Nikamwendea tena, naye akatazama pembeni, akaniambia nianike mashuka.

Asubuhi moja bwana amekwenda na mpishi mjini kununua vitu, hawarudi mpaka usiku, memsahib akaniita barazani. Alikuwa mwekundu shingo yote. Alikuwa anazungusha pete kidoleni. Akasema, nami ninayasikia mpaka leo: "I am afraid we shall have to let you go."

Let go! Neno langu mwenyewe, nililoliomba, limerudi kwangu. Afraid nililijua pia, ni kuogopa. Nikaelewa yote bila shida. Memsahib ananiruhusu niende kwa mtoto, lakini anaogopa. Na nani hakuwa anaogopa mwaka ule? Bwana alilala na bunduki. Nikaona huyu mama anahofia nisidhurike njiani, au anahofia kubaki na mtoto peke yake. Nikamshika mkono. Sijui ujasiri huo niliutoa wapi. Nikamwambia, "No afraid, memsahib. Thank you. Thank you very much. God see you."

Akalia. Mzungu akalia mbele yangu! Akaniambia kesho asubuhi. Akaingia ndani akaniletea mkebe wa biskuti wenye picha ya maua, akanipa na mshahara wa mwezi wakati mwezi haujaisha. Nikasema moyoni, huyu ni mzazi, anajua mtoto mgonjwa anataka dawa. Akaniandikia karatasi ya kunipitisha njiani. Mkeka na blanketi niliviacha chumbani laini. Mtu anayerudi habebi mkeka. Niliondoka alfajiri kabla mpishi hajafika kazini.

Thika nilimkuta mtoto amekonda kama kijiti, lakini anapumua. Nilimlaza kifuani usiku na mchana. Biskuti nilizilowesha kwenye chai nikamlisha kwa kidole. Kikohozi kikaanza kulegea. Jumapili mama mkwe wangu alisimama kanisani, mama wa watu, akashukuru mbele ya waumini wote kwa ajili ya memsahib wangu, kwamba hata huko kwa wazungu Mungu ana watu wake. Watu wakasema amina. Nami nikasema amina. Nilisema kwa nguvu.

Mtoto alipopata nguvu ya kukaa mwenyewe tena, nikamwachia mama mkwe, nikamwambia nitakuja tena mwezi ujao, memsahib sasa ni rafiki. Nikajifungia nguo kwenye leso pamoja na ule mkebe mtupu, kwa kuwa mkebe kama ule hautupwi, nikarudi Ruiru.

Nilipofika mlango wa jikoni, mwanamke nisiyemjua alikuwa anaanika nepi. Alikuwa amevaa aproni yangu. Niliijua kwa kiraka nilichokishona mwenyewe. Mpishi akatoka na mwiko mkononi, akasimama.

"Haiya, dada. Umesahau nini?"

"Sijasahau kitu. Nimerudi kazini. Huyu ni nani?"

"Kazi ipi? Si ulifutwa kazi?"

"Nani amenifuta? Nilipewa ruhusa."

"Memsahib alikuambiaje?"

Nikamwambia maneno yenyewe, moja moja, kama nilivyoyasikia. Akaufunika mdomo kwa mkono. Hakucheka. Siku hiyo hakucheka.

"Dada yangu. Let go uliyoomba wewe ni ruhusa. Mzungu akiitanguliza I am afraid, hiyo ni kufutwa. Hataki kusema kufuta, inamkwaruza koo. Bwana aliambiwa na wenzake asiweke watu wa kwenu ndani ya nyumba. Sisi tulishangaa. Memsahib alituambia ulishukuru, ukamshika mkono, ukamwambia asiogope. Tukasema, ama huyu mwanamke ana moyo!"

Fikirieni hilo. Nilikuwa nimesifiwa. Watu wa nyumba ile waliniona shujaa kwa sababu sikuelewa.

Memsahib na bwana wakasikia sauti, wakatoka. Mpishi akaeleza. Memsahib akamgeukia mumewe, macho yamemtoka, akasema, "But she took it so well!"

Took. Hilo nilikuwa nalijua vizuri kuliko yote, kwa kuwa hakuna mtumishi asiyelijua. Ni kuchukua. Ukilisikia katika nyumba ya mzungu, kuna kijiko kimepotea. Nikainua mikono yote miwili. "No, memsahib! I not took! I took nothing!"

Bwana akanikazia macho. Akageukia Kiswahili chake. "Wewe nachukua nini?"

"Sikuchukua kitu, bwana."

"Nani nasema wewe nachukua?"

"Memsahib amesema."

"Memsahib hapana sema. Kwa nini wewe nakataa kama hapana chukua? Fungua mzigo."

Mpishi akajaribu: "Bwana, amekosea neno tu, hajaelewa—"

"Wewe rudi jikoni."

Nikafungua leso pale pale kwenye ngazi, mbele ya yule mwanamke mwenye aproni yangu. Nguo yangu moja. Shati la mtoto. Na mkebe wa maua. Bwana akauinua mkebe, akauliza huu umetoka wapi. Nikamtazama memsahib. Nilimtazama tu, sikusema, maana maneno yangu yote siku hiyo yalikuwa yananigeuka. Alikuwa na neno moja la kusema, kwamba aliutoa kwa mkono wake. Neno rahisi. Akatazama maua ya bustani, akamgusa mumewe begani, akasema, "Oh, let it go, dear."

Let go tena! Mara ya tatu, na maana ya tatu. Mpishi aliniambia baadaye, akinisindikiza hadi njia kuu na mkeka wangu begani mwake, kwamba took ile ilikuwa kunisifu jinsi nilivyoipokea habari, na let it go hii alimaanisha yaishe, lisizungumzwe. Hakusema sikuiba. Alisema yaishe. Mkebe ulibaki kwenye ngazi.

Sikufika Thika. Karatasi ya njia ilikuwa imekwisha nguvu, na askari wa kizuizi cha barabarani hawakutaka hadithi za Kiingereza. Nililala stesheni ya polisi pamoja na wanawake wengine, kesho yake tukapakiwa. Huko rizavu nilichimba handaki lililotuzunguka sisi wenyewe, nikachimba na barabara, mvua na jua. Mtoto nilimwacha anajifunza kukaa upya baada ya ugonjwa. Nilipopata njia ya kumwona tena, alikuwa anakimbia. Alijificha nyuma ya sketi ya mama mkwe wangu, akamwuliza, "Mama, huyu ni nani?"

Msiniambie habari ya kusamehe. Nimezeeka kanisani, najua mahali mstari wake ulipo. Bado nasema memsahib yule alikuwa na kinywa, akakifunga.

Mume wangu akaachiliwa muongo ule ulipokuwa unakaribia kwisha. Tukapata chumba Ruiru, si kule shambani, huku upande wa mjini, naye akapata kazi ya kubeba mawe kwenye machimbo. Mama mkwe alikuja kukaa nasi, kwa sababu mtoto hakukubali kuachana naye. Mimi mtoto aliniita "wewe" kwa muda mrefu. Sikumchapa kwa hilo. Nilimpeleka shule.

Jioni moja akarudi anarukaruka. Ugali ulikuwa umeiva, mboga iko motoni, sote watatu tumekaa tunamngoja.

"Mwalimu ameniita ofisini," akasema. "Ameniongelesha Kiingereza. Amesema, we are going to keep you back."

"Nawe ulimjibu nini?" nikamwuliza.

"Nilisema, thank you, sir. Akanitazama sana."

Mama mkwe akafurahi. "Keep si ni kuweka? Wanamweka. Wameona ana akili."

"Back ni mgongo," mume wangu akasema. Kizuizini alikuwa ameokota vipande vyake. "Basi watamweka mgongoni. Ngai, shule ya siku hizi inabeba watoto!" Wakacheka wote wawili, na mtoto akacheka kwa kuwa wao wanacheka.

Mimi sikucheka. Maana yake, kurudishwa darasa, sikuijua bado, lakini nilijua kulikuwa na mkia pale, na nilijua jinsi mtu anavyokutazama sana ukimshukuru kwa kisu. Mwalimu alikaa karibu, nyumba za shule, na jua lilikuwa bado lipo. Nikasimama, nikamfunga mtoto sweta yake kiunoni.

"Rudi kwa mwalimu. Mwambie: mama amesema hatujaelewa, utuambie kwa Kiswahili, na kama ni jambo baya ulitaje jina lake. Usiseme asante mpaka amalize."

"Lakini nina njaa!"

"Kimbia."

Mama mkwe akaanza kunung'unika kwamba mtoto ale kwanza, na mume wangu tayari alikuwa amenawa mikono. Nikaipua mboga, nikawageukia.

"Funikeni ugali. Humu ndani hakuna atakayeonja kitu mpaka mtoto arudi na maana ya hilo neno."