Jino la Linani

Nilipokuwa mtoto, mawe ya korongo lililokuwa nyuma ya shamba la bibi yangu yalikuwa na mwenyewe. Ng'ombe wangeweza kunywa maji mle, na sisi tungeweza kuoga na kufinyanga udongo mpaka jua lichwe, lakini jiwe la korongo halikutoka korongoni. Ukilibeba kwenda nalo nyumbani, linani angelifuata.

Kwa asiyetujua sisi Wabukusu, linani ni zimwi la hadithi zetu, mkubwa kama nyumba, mwenye njaa isiyokwisha. Kukhu, ndivyo tunavyomwita bibi, alisimulia kwamba linani wetu alikufa zamani sana na Mlima Elgon ukamzika kwa majivu, ila hakuridhika na lile kaburi. Mvua kubwa iliponyesha, mfupa wake mmoja ulichungulia nje. Aliyeuchukua angetembelewa na mwenyewe, akija na mvua ya mawe mkononi. Kukhu aliamini hayo, na Jumapili alivaa leso yake safi akaenda kanisani, na sikuwahi kumwona akihangaika kuyapatanisha mambo hayo mawili.

Wazazi wangu waliishi Matulo, karibu na Webuye. Likizo ya Agosti ilipofika nilipelekwa kwake, juu ya Kitale, ambako shamba lake lilipandia mlimani. Nilikuwa darasa la sita mwaka ninaousimulia. Asubuhi moja nilishuka korongoni na ng'ombe wake wawili. Mvua ya usiku ilikuwa imeporomosha ukingo, ukabaki ukuta mpya wa kijivu, nusu udongo nusu jiwe. Katikati ya ukuta ule kitu kiling'aa. Nilipokigusa, kikanidondokea mkononi.

Kilikuwa na ukubwa wa ngumi ya mtu mzima na uzito wa jiwe, rangi ya kahawia iliyoiva. Juu yake palikuwa na matuta mawili yaliyokatiza kutoka upande hadi upande, kama matuta ya viazi vitamu. Nilikuwa nimewafungua ng'ombe midomo mara nyingi nikiwanywesha dawa. Nilijua jino nikiliona. Lakini jino la nani, la ukubwa ule? Nakumbuka moyo ulivyonienda mbio, na kwamba haikuwa hofu peke yake. Sijawahi tena kushika kitu nikahisi hivyo, isipokuwa siku nilipompakata mwanangu wa kwanza.

Nikalipeleka moja kwa moja kwa Kukhu. Alikuwa uani akichambua maharagwe.

"Kukhu, ona."

Aliona. Uteo ukamtoka mapajani, maharagwe yakatawanyika.

"Nasimiyu! Umelitoa wapi?"

"Limenidondokea lenyewe."

"Na miguu nayo ilikudondokea ikakuleta nalo mpaka hapa?"

Hakunipiga. Aliniamuru niliweke chini ya mti wa uzio, mbali na mlango. Tungekula, kisha tungelirudisha pamoja, yeye akisali njia nzima. Lakini ugali ulikuwa haujaiva wakati mlima ulipogeuka mweusi. Upepo ulishuka kwanza, halafu ikaja mvua ya mawe ambayo watu wa kule bado wanaitaja. Ilipiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa mikono. Kukhu alinikumbatia chini ya meza. Mwili wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu.

Ilipokwisha tulitoka. Mahindi yaliyokuwa yamebeba vizuri yalikuwa yamelala, majani yamechanwa kama nyuzi. Mahindi yetu, ya jirani, ya ng'ambo ya barabara. Barafu ilijaa kwenye mifereji. Na chini ya mti wa uzio lile jino lilikuwa palepale, limeoshwa, linang'aa.

Watoto wenzangu walikuwa wameniona nikipanda nalo kutoka korongoni, kwa hiyo habari haikuhitaji kutafutwa. Asubuhi majirani walijaa uani. Aliyewaongoza alikuwa Mzee Simiyu, mwenye shamba lililopakana na letu, mtu mpole ambaye siku nyingine angeniita mkwe wake kwa utani. Siku hiyo alishika nyundo ya kupasulia mawe.

"Mama Wanyonyi," alimwambia Kukhu, kwa jina la baba yangu, "hatukuji kwa ubaya. Lakini si umeona? Shamba yangu yote imeisha. Hii kitu ivunjwe, itupwe mtoni, hii mambo iishe."

Sauti zikamuunga mkono. Mama mmoja alinitazama mpaka nikajificha nyuma ya sketi ya Kukhu. Niliamini nimeua chakula cha watu wote hao. Mtoto wa umri ule hana wakili. Anasubiri tu mkubwa mmoja aseme neno.

Kukhu alitembea hadi mtini. Alivua leso ya mabegani, akainama, akaliokota lile jino kwa mikono yake miwili. Aliyekuwa karibu akarudi nyuma.

"Mnasema lina mwenyewe," akasema. "Nami nasema lina mwenyewe. Sasa Simiyu, akija akute tumelivunja jino lake, wewe utamwambia nini?"

Mzee Simiyu aliishusha nyundo.

"Kitu cha mtu hakivunjwi, kinarudishwa. Nipeni nafasi nimtafute mwenyewe."

"Utamtafuta wapi, bana?"

"Kitale," akasema Kukhu, kana kwamba linani alikuwa na duka kule.

Alikuwa amewahi kwenda na akina mama wa kanisa kwenye makumbusho ya Kitale, kutazama nyoka. Alikumbuka kwamba katika nyumba ile waliweka vitu vya kale, na kwamba aliyewatembeza hakuwacheka walipouliza maswali. Hiyo ndiyo iliyokuwa ramani yetu. Tulifika mapema, Kukhu akiwa amevaa nguo ya Jumapili, jino limefungwa ndani ya leso na leso ndani ya kikapu. Njiani hakuniruhusu nikibebe. Alisema kama kuna lolote litakalotokea, litokee kwa mtu aliyekwisha kuzaa na kuzika.

Bwana aliyetupokea aliitwa Kiprono. Alikuwa kijana, mikono ya shati imekunjwa, kalamu sikioni. Kukhu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na kanisani, alisimama wima mbele ya meza yake.

"Mimi nimereta hii kitu. Nataka mnisaidie kujua ni ya nani."

Kiprono alifungua leso. Akachukua kioo cha kukuzia, akaligeuza polepole, akaligusa kwa ncha ya ukucha. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa. Badala yake alivuta kiti, akamkalisha Kukhu, kisha akanigeukia mimi kwa sababu Kukhu alisema mimi ndiye niliyelipata.

"Hili ni jino, na limegeuka jiwe," akasema. "Tunaliita kisukuku. La mnyama gani, sijui."

"Hujui?" Kukhu akauliza.

"Sijui, mama. Lakini kuna mtu naweza kumuuliza."

Halafu akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza. Lilikuwa limelala au limesimama? Ukuta ulikuwa wa rangi gani juu yake, na chini yake? Palikuwa na mengine? Nilimjibu yote. Nikamchorea korongo kwa kidole juu ya meza, na alipouliza kama ningeweza kuonyesha mahali penyewe, nikasema ningepafika nimefumba macho. Alinieleza kwamba jino lililotolewa mahali pake bila mtu kujua lilikokuwa ni kama mtu aliyepoteza kitambulisho. Mimi nilikuwa nimelipatia kitambulisho chake. Nilihisi nimerefuka.

Akalipiga picha kila upande, rula pembeni yake, ili azitume kwa mtaalamu wa Nairobi. Kisha akasema kwa upole kwamba litabaki pale, maana kwa sheria vitu kama hivyo ni vya nchi nzima.

Kukhu alifikiri. "Kwa hivyo iko na mwenyewe."

"Iko na mwenyewe, mama."

"Na ule mwingine? Akikuja kwangu kuuriza?"

Kiprono alijua vizuri aliyetajwa. Alikuwa amekulia kwenye mlima uleule, upande wa pili. Hakutabasamu hata kidogo.

"Mwambie liko kwangu. Akuje hapa Kitale, aulize Kiprono."

Kukhu alivuta pumzi ndefu. Aliushika mkono wa yule kijana kwa mikono yake miwili, kama alivyoshika lile jino uani.

Majirani walipoambiwa, baadhi walicheka na baadhi walisema Kukhu amemtupia Kiprono, mtoto wa watu, balaa. Mzee Simiyu alilima shamba lake upya, akapanda maharagwe.

Nilikuwa nimesharudi Matulo wakati Kukhu alipotuma ujumbe kwamba wageni wanakuja na wananitaka mimi. Baba aliniombea ruhusa shuleni. Tulikuta gari limesimama kwenye njia ya korongo, na mbele yake Mzee Simiyu na wanaume kadhaa, wamesimama kwa upana wa njia. Walikuwa wamesikia kwamba wageni wanataka kuchimba.

Ndani ya gari walikuwamo Kiprono na mama mmoja wa makamo, mwenye kofia pana na mabuti ya mpira yaliyochakaa. Huyo alikuwa Daktari Wambui, yule mtaalamu wa Nairobi. Alishuka, akawasalimu wote kwa mkono, akakaa kwenye nyasi. Wazee walipoendelea kusimama, yeye akakaa tu, mpaka nao wakaona haya wakakaa.

Akatoa karatasi akatuchorea mnyama. Ndugu wa zamani wa tembo, alisema, lakini pembe zake zilitoka kwenye taya la chini zikapinda kuelekea ardhini, kama jembe. Aliishi hapa wakati mlima ulipokuwa ungali unatema moto, na majivu yake ndiyo yaliyomfunika.

"Alikuwa anakula watu?" Mzee Simiyu akauliza.

"Hapana, mzee. Majani tu. Na watu walikuwa hawajakuwako duniani."

"Hakuna mtu alimuona?"

"Hakuna hata mmoja."

Mzee Simiyu akaitazama ile picha kwa muda. "Na sisi tulijuaje ati ako hapa?"

Daktari Wambui aliweka kalamu chini. Naweza kumsikia hadi leo. Alisema wazee wetu waliiona mifupa kama nilivyoiona mimi, wakaipima kwa macho, wakasema huyu alikuwa mkubwa kuliko kitu chochote tunachokijua, na mlima ndio uliomzika. Katika hayo mawili walikuwa sahihi. Alisema amefika sehemu nyingi akakuta watu wamekwisha kuvunja mifupa ya namna hiyo kuwa kokoto za kujengea. "Hapa hakuna aliyegusa," akasema. "Mlimlinda mnyama wangu. Nimekuja kuwashukuru, na kuomba ruhusa."

Kuhusu mvua ya mawe alisema mlima ule huileta mara kwa mara, iwe jino limetolewa au halijatolewa. Sioni kama kuna aliyeamini hilo siku hiyo. Lakini Mzee Simiyu aliinuka, akapangusa nyasi kwenye suruali, akatoka njiani. Kisha akasema, "Nasimiyu, si uwaonyeshe?"

Nilitangulia. Nyuma yangu Kukhu, nyuma yake Daktari, na kijiji kizima. Niliweka kidole ukutani palepale. Walifanya kazi kwa brashi na vijiti, taratibu mpaka watoto wakachoka wakaenda kucheza, na kutoka mle kikatokea kipande cha taya, meno mawili bado yamekaa ndani yake. Wakalifunga taya kwa plasta, kama mkono uliovunjika unavyofungwa hospitalini. Mzee Simiyu alisaidia kulibeba hadi garini, na alipolitua nilimsikia akiliambia "Pole" kwa sauti ya chini.

Wale waliotazamia mvua ya mawe jioni ile walipata jua.

Sasa naishi Bungoma na nafundisha shule ya upili. Watu huniletea mawe. Wengine hutoka Mabanga na hata Moi's Bridge, wengine hunitumia picha kwenye simu: "Mwalimu, hii ni nini?" Mara nyingi ni jiwe tu, na huwaambia hivyo. Mara mojamoja nyayo zangu husisimka, nikamwambia mtu asiguse tena, apige picha ya mahali, nami nikapiga simu Nairobi. Nimejifunza kusema sijui bila kuona aibu.

Siku moja, kabla hajadhoofika, nilimpeleka Kukhu kwenye makumbusho akalione lile taya. Wanafunzi wa shule ya msingi walikuwa wamejipanga mbele ya kioo, na mwalimu wao akiwasomea maelezo. Kukhu alipita katikati yao na fimbo yake, akagonga sakafu, akawaambia, "Huyu ni wa kwangu. Alitoka shambani kwangu." Watoto wakampigia makofi. Alisimama pale, kidevu juu, mpaka walipomaliza.

Hakuwahi kusema kwamba ameacha kuamini linani, nami sikumuuliza. Nikisimulia kisa hiki, wasikilizaji wengi hunipongeza kwa macho yangu makali na kwa kulitambua jino nikiwa mtoto. Napokea pongezi, sikatai. Lakini macho hata mwewe anayo. Ninachojivunia ni kwamba nilikuwa uani asubuhi ile, nikaona ni nani aliyeogopa kuliko wote, na nikaona kwamba ni yeye aliyeinama akaliokota.