Dagaa Aliyeruka Lango

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu wa mtaa wetu wa Pasiansi wakitaka kupumzika huenda ufukweni mwa ziwa. Mimi hutoka kwenye kiti cha cherehani nikaenda kitandani, hatua nne. Kazi yangu ni kupunguza suruali za watu, na kwa kuwa suruali huja zenyewe mlangoni, sijaona sababu ya kuzifuata. Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye katika nyumba waliyotuachia wazazi, anauza dagaa sokoni Mkuyuni. Yeye hutoka alfajiri, maharage napika mimi, na majirani huniita mama mwenye nyumba.

Uani kuna chumba kidogo nilichokifanya changu: meza, kiti, na madaftari ya hadithi ninazotunga. Zote ni za Kichina. Usiniulize China nimefika lini; Misungwi penyewe, wilaya ya jirani, nimekwenda mara mbili, zote msibani. Lakini tamthilia zao zilizotiwa sauti za Kiswahili nimezitazama mpaka joka wao namjua kuliko ninavyomjua mjumbe wetu wa mtaa. Ana pembe za paa na sharubu kama za kambare. Mabawa hana na bado anaruka. Makazi yake ni chini ya maji, na mvua anagawa yeye.

Basi mwaka huu, mvua zilipoanza, dada akakitaka kile chumba kiwe stoo.

"Mdogo wangu, magunia yangu yanalowa, madaftari yako yanalala pakavu. Hiyo ni haki?"

"Dada, zile ni hadithi."

"Nani kazisoma?"

Hapo alinishika pabaya. Tukawekeana sharti: Jumapili, wanawake wa kikundi chake wakija kuchambua dagaa, niwasomee hadithi moja. Akiinuka hata mmoja kabla ya mwisho, chumba ni cha magunia. Wasipoinuka, ni changu, na asinisumbue tena.

Jumapili ikafika. Wanawake sita wakakaa uani, kila mmoja na ungo wake mapajani. Dada akabandika maharage mwenyewe. "Leo jiko nalitazama mimi," alisema, "msomi asije akasingizia moshi."

Nikaanza. Wachina husimulia kwamba samaki akipanda mto mpaka kwenye maporomoko, akaruka na kuvuka lango lililo juu, anageuka joka. Samaki wangu nilimfanya dagaa.

"Dagaa!" akacheka mmoja. "Sangara walikosa nafasi?"

"Mwache, dagaa naye ana ndoto zake."

Walicheka, lakini hawakuinuka. Dagaa akaruka, akaanguka. Wenzake wakamwambia, rudi, utaishia kwenye ungo. Hapo sita wote walitazama mapajani. Alipovuka lango na pembe zikaanza kuchomoza, mikono yote ikasimama. Nikajiona nimeshinda, nikavimba kama chura.

Nikaendelea: miaka elfu ikapita, ukame ukaingia, binti mmoja akashuka ziwani kumtafuta joka. "Wewe joka," akaita, "tupe mvua!"

Bibi jirani yetu, mkubwa kuliko wote pale, akaweka ungo chini na mkono gotini, kama mtu anayetaka kunyanyuka.

"Mimi naenda zangu."

"Bibi, kwa nini?"

"Huyo joka ana miaka mingapi?"

"Elfu moja, bibi."

"Na binti?"

"Kumi na miwili."

"Hajasalimia."

"Kweli, hajasalimia!" ua wote ukalipuka. "Mtoto wa nani huyo?" "Na mvua anaitaka!"

Dada alikuwa ameshageukia mlango wa chumba changu, anaupima kwa macho upana wa gunia. Pembe nilizikumbuka, sharubu nilizikumbuka. Shikamoo, mimi mwenye cheti cha kidato cha nne, nimeisahau.

"Bibi, subiri," nikasema, nikajifanya nasoma. "Joka hakumjibu. Alikaa kimya siku tatu, na mvua haikunyesha."

"Safi! Akome!"

"Siku ya nne binti akarudi. Akapiga magoti mchangani, akasema: Shikamoo, babu."

Nikafunua ukurasa mwingine, maana akili ilikuwa imeishia hapo. Ndipo wanawake wote sita, kwa sauti nzito iliyotoka chini ya ziwa, wakajibu kwa niaba ya joka:

"Marahaaaba!"

Bibi ndiye aliyeivuta zaidi. Mkono ukatoka gotini.

Kuanzia hapo nilikuwa napaa. Joka akauliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za shamba, zote, kama inavyotakiwa. Kisha akalia, kwa sababu tangu alipokuwa dagaa hakuna aliyewahi kumwamkia, na machozi yake yakapanda mawinguni. Harufu ya kuungua ikaingia uani.

"Maharage yako hayo," mmoja akamnong'oneza dada.

Dada akashika kiti, akajiinua kidogo. Akanitazama. Akakaa.

"Yaungue," akasema. "Wewe, mvua imenyesha au haijanyesha?"

Ikanyesha. Nilisoma mpaka nukta ya mwisho, na hakuna aliyeinuka.

Bibi hakuniacha mpaka nilipoiandika ile shikamoo daftarini mbele ya macho yake. Magunia sasa yanalala sebuleni. Nayapita kifua mbele. Lile sufuria nililisugua mimi, siku mbili nzima, huku naimba.