Yashica ya Tatu

Kila asubuhi mpiga picha wa mtaa wa Namatala huipulizia kamera yake ya Yashica pumzi, kisha huifuta lenzi kwa upindo wa shati. Hii ni ya tatu. Ikifa moja, hutafuta Yashica nyingine. Akionyeshwa simu hucheka: "Hiyo ni ya kuongea na wakwe." Filamu huletewa na madereva wa malori ya Nairobi, na wateja husubiri.

Beldina, muuza mitumba jirani, hakuweza kusubiri. "Kesho napasuliwa tumbo, bwana. Nataka watoto wabaki na sura yangu."

"Filamu inafika Ijumaa, mama."

"Na mimi Ijumaa nitakuwa wapi?"

Mpiga picha akavua kofia, akaifunika nayo Yashica pale mezani, taratibu, ili isione, ndipo akamwomba Beldina simu yake.