Pumba za Mama Limi

Mageni, au Mama Limi, mfyatua matofali wa Tinde, aliapa kwamba shoka lake halitagusa tena ngitili, kichaka ambacho wanakijiji walikihifadhi kwa malisho ya kiangazi. Tangu mwaka 1996 tanuru lake alilichoma kwa pumba za mpunga kutoka mashine za Kagongwa.

Fundi Wiliam, ambaye bado alichoma matofali yake kwa magogo, alimcheka mbele ya wateja.

"Mama Limi, pumba ni chakula cha kuku!"

Mageni alinyanyua tofali lake na la Wiliam, akayagonganisha kwa nguvu. La Wiliam likakatika vipande viwili. La Mageni likabaki zima.

"Mimi pumba nazichoma, fundi," akasema huku akikung'uta vumbi mikononi. "Wewe unaziongea."