Mfinyanzi wa Guta na mkate wa Misri ya kale

Ukungu bado haujainuka mashambani Guta, wilayani Bunda, na Jenoveva Wanzagi tayari anagombana na moto. Anapiga magoti, anapuliza, anakohoa, anapuliza tena. Juu ya makaa amepanga vyungu sita, midomo ikiwa chini. Ni vinene, vina mabonge, na havipendezi hata kidogo.

"Usiniaibishe leo," anauambia moto. "Nina mgeni wa Musoma."

Mgeni ni Gloria Lameck, mzaliwa wa Nyasho mjini humo, mtafiti wa mambo ya kale anayesomea ufinyanzi wa Misri. Maelfu ya miaka iliyopita, anaeleza, Wamisri walioka mkate ndani ya vyungu vya namna hii. Walivipasha kwanza motoni, wakamimina rojo la unga, wakafunika. Leo wachimbaji wanakuta vigae vyake marundo kwa marundo.

Swali ni hili: mkate ulitoka chungu kikiwa kizima, au kilivunjwa kila mara? Gloria akaona njia ya kujua ni kuvifinyanga upya na kuvijaribu. Wafinyanzi wapo wengi nchini, ila yeye alirudi mkoa wa nyumbani.

"Maji ya ziwa letu ndiyo hayo hayo yanaenda mpaka Misri," anasema Jenoveva na kucheka. "Kumbe tunawapelekeaga maji siku zote! Sasa na wao wametukumbuka."

Ana miaka 58. Ufinyanzi aliurithi kwa mama yake huko Butiama, enzi ambazo chungu kilibadilishwa kwa nafaka ya kukijaza. Sasa mtungi wake mkubwa huuzwa Sh5,000 katika soko la Bunda, mteja akipatikana. Ndoo za plastiki zimemkalia kooni.

"Siku zingine nabebaga vitano, narudishaga vitano," anasema.

Ndiyo maana kazi ya Gloria aliipokea kwa mikono miwili. Na mikono hiyo hiyo nusura imwangushe.

Gloria alimwonyesha picha na kumwomba vyungu vinene. Jenoveva akatoa unene, lakini kutengeneza chungu kibaya kulimshinda. Aliuchuja udongo mpaka ukawa laini kama uji wa mtoto. Akavisugua vyungu kwa jiwe la mtoni mpaka vikang'aa, kama alivyofundishwa.

"Sasa nitoe chungu kina makunyanzi, watu waseme nini? Si watasema nimezeeka?"

Vilipoingia motoni vilianza kulia, pa! pa! Hakikupona hata kimoja. Maji yaliyojificha ndani ya unene ule yaligeuka mvuke, na ngozi ile nzuri ya kung'aa haikuacha pa kutokea.

"Kosa langu pia," anasema Gloria. "Nilimwambia unene, sikumwambia ubaya."

Wakarudi kwenye picha pamoja. Vigae vya Misri vilionyesha alama za makapi na chembechembe ngumu, ambavyo huuachia mvuke njia ya kutokea. Makapi hayakuwa tatizo, kwani pumba za mpunga zipo tele. Chembe ndizo zilizoleta shida, kwani hupatikana kwa kusaga chungu cha zamani kilichoiva. Vigae vya vile vilivyopasuka havikuwa vimeiva; walipovitia majini vilirudi kuwa tope. Kilihitajika chungu kilichokula moto sawasawa, kisagwe.

Vya kuuza vilikuwa vimeisha, na tangu aanze kazi ya Gloria Jenoveva hakufinyanga vingine. Jirani huyu ana sufuria, yule ana ndoo. Nyumbani kwa Jenoveva kilikuwepo kimoja tu: mtungi wa mama yake, aliokuja nao siku anaolewa kutoka Butiama. Ulikuwa umepata ufa mdomoni, hautekewi tena maji, lakini ulikaa pembeni ya kitanda umefunikwa kanga. Mama mwenyewe ni marehemu.

Gloria alipoelewa anachofikiria, alimsihi aache. Angekwenda kutafuta wafinyanzi mkoa mwingine.

Jenoveva alikaa na jambo lile siku kadhaa. Kisha alikumbuka kwamba mama yake mwenyewe alisaga vyungu vya bibi na kuvichanganya na udongo mpya.

"Alikuwaga anasema, chungu hakifi, kinahamia kwa mwenzake. Nikajiuliza, sasa mimi namfunika kanga ya nini?"

Alitandika gunia, akasali, akasema, "Samahani, mama." Akashusha mchi. Analitamka hilo huku akijifuta macho kwa kiganja chenye udongo, na uso unabaki na michirizi.

"Gloria naye akaanza kulia. Nikamwambia, nyamaza mwanangu, nisaidie kusaga."

Basi vyungu vilivyo juu ya makaa leo ndio mtungi huo. Vikipasuka, hakuna mwingine.

Mwanahalima Rashidi, muoka mikate wa Bunda mjini, amefika na ndoo ya rojo la unga. Anavitazama vyungu.

"Dada Jeni, hivi ulifinyanga umefumba macho?"

"Mimina, acha maneno."

Jenoveva anavigeuza midomo juu, Mwanahalima anamimina. Vinafunikwa, makaa yanasogezwa. Harufu ya mkate inaanza polepole, halafu inajaa ua mzima.

Jenoveva anakipindua cha kwanza. Hakitoki kitu. Anakigonga mgongoni taratibu, kama mtu anayemcheulisha mtoto. Mkate unateleza na kutua kwenye ungo, wa kahawia, mzima. Na chungu kizima! Anapiga kigelegele hadi mbuzi wa jirani wanakurupuka.

Kimoja kati ya sita kimepata ufa. Vitano vimesimama.

"Haithibitishi kwamba Wamisri walifanya hivi," anasema Gloria, akijitahidi kuzuia furaha. "Inaonyesha kwamba inawezekana."

Mwanahalima anatafuna. "Chumvi hamna. Ila ni mkate."

Udongo uliosagiwa mtungi umebaki kidogo. Jenoveva ataufinyanga uwe mtungi mpya wa binti yake, Consolata, anayetarajia kuolewa Kiabakari. Huo ataung'arisha mpaka ajione uso.

Gloria anafunga vyungu viwili kwa magazeti, vya kwenda kuchunguzwa chuoni. Jenoveva anamshika mkono.

"Najua huko mtavivunja mvitazame ndani," anasema. "Vunjeni tu. Ila vigae unirudishie, mwanangu. Mama yumo."